Ndoo ya Mayai: Nani Alinde Kiota cha Kasa?



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine. Niliuweka kando baada ya kumsikia mkutanoni msomi mmoja ninayemheshimu akisema dawa ya kasa ni moja tu: kila kiota kifukuliwe, mayai yahamishiwe ndani ya uzio wenye kufuli, kwa sababu mvuvi haaminiki. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nyavu, taa za hoteli, magendo ya nyama: hatari hizo za kasa mnazijua, sizirudii. Nina shida na huo uzio.

Kuku hugeuza mayai yake kutwa, na vifaranga hutoka. Yai la kasa, saa chache tu baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ganda kwa juu, ukiligeuza umekiua. Hili sikulisoma tu. Nikiwa mwanafunzi kisiwani Juani, Mafia, nilikuta kiota kimetagwa usiku karibu mno na maji. Jua lilikwisha panda. Nikapanga mayai 112 ndooni, nikaifunga ndoo nyuma ya baiskeli, nikashika njia ya mawe huku nikipiga mluzi. Siku ya 70 nikafukua. Harufu ile ninayo puani hadi leo. Kijana mmoja wa pale, mchimba mayai mashuhuri, alinitazama tangu mwanzo. Akasema, "Umeyapikia njiani, bwana."

Tuseme yamefika salama. Kuna joto. Mchanga ukiwa na nyuzi 29 hivi, majike na madume hukaribiana kwa idadi. Joto likizidi hapo, majike huzidi pia. Uzio uliojengwa peupe, pasipo mti, ili wageni wapige picha vizuri, ni kiwanda cha majike. Tutawaoza kwa nani?

Nakiri, kuna Maziwe. Kisiwa kile mbele ya Pangani kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, mivinje ikiwa imesimama. Miti ikatoweka, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji makuu. Kiota kikiachwa pale kitazama, kwa hiyo mayai huvushwa hadi ufukwe wa Ushongo, na ni sawa kabisa. Lakini wanaoyavusha ni akina nani? Ni watu wa pwani ile ile, hao hao wasioaminika.

Na ujuzi wao wa kasa ni wa kale; hapo niruhusuni nifungue kitabu ninachokipenda kupita kiasi, Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwandishi hatumjui jina. Aliandika kwa Kigiriki, karne ya 1, akizijua biashara za Misri na bahari yetu. Anafika kisiwa anachokiita Menouthias. Wapo wasemao ni Pemba, wapo wasemao Unguja, wapo wasemao Mafia. Mimi kura yangu mnaijua. Anaona mitumbwi, anaona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, anaona hata mamba ambao, anatuhakikishia, hawamdhuru mtu. Kisha anatazama kwa karibu: watu wanatega matenga kwenye milango ya maji na kunasa kasa. Jamani, hiyo si dema? Mtego usiokwenda popote, unaongoja maji yajae na yapwe. Aliyeutega alijua kasa anapita wapi na bamvua ni lini. Mwandishi huyo huyo anaorodhesha bidhaa za Rhapta, na magamba ya kasa yamo, yakisifiwa karibu na yale ya India. Gamba likasafiri karne kwa karne. Japani iliendelea kulinunua hadi mwisho wa 1992. Ng'amba, kasa mwenye gamba hilo, leo yu ukingoni mwa kutoweka. Hakufikishwa hapo na dema.

Mtasema namtetea mvuvi. Ndiyo, namtetea. Najua mayai yameliwa. Nami utotoni niliyala. Najua kisiwani Panza, Pemba, Machi 2024, nyama ya kasa iliua watu 9, watoto 8 kati yao. Yote nimeyapima, na bado nasema: ufunguo wa kiota apewe anayejua kukichimba.

Mpango wa kulinda viota ulianza Mafia mwaka 2001, na Juani anayeripoti kiota hulipwa, mayai yakianguliwa huongezwa. Mwaka jana nilimkuta yule kijana wa zamani, sasa mzee mwenye mvi, kazini. Zamani alichoma mchanga kwa ujiti, ncha ikitoka na ute anachimba. Safari hii hakuchoma kitu. Alichuchumaa, akasoma alama: mapezi mawili yamekanyaga sambamba, kasa wa kijani, yangepishana, angekuwa ng'amba. Akahesabu hatua hadi mstari wa maji, akatikisa kichwa kuwa panafaa, akafuta nyayo kwa tawi la mvinje. Kisha akanigeukia.

"Profesa, leo ndoo hukuja nayo?"