Maisha ya Kijiji cha China Baada ya Kugawana Mashamba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme habari za wakulima wa China, jinsi walivyoishi baada ya kugawana mashamba ya matajiri. Nchi ile ni kubwa mno, kwa hiyo nitashika kijiji kimoja. Kinaitwa Zhangzhuang, katika wilaya ya Lucheng, jimbo la Shanxi, upande wa kaskazini. Kilikuwa na watu kama elfu moja. Habari zake tunazijua kwa sababu Mmarekani mmoja, William Hinton, fundi wa matrekta, alikaa pale mwaka 1948 akaandika aliyoyaona. Kitabu chake, Fanshen, kilitoka mwaka 1966. Neno hilo maana yake ni kugeuza mwili, kama mtu aliyelala kifudifudi akajipindua, na wakulima walilitumia kwa mtu aliyekuwa chini akasimama.

Zamani asiye na shamba alikodi la tajiri, na mavuno yakija alitoa nusu, pengine zaidi. Chakula kikimwishia kabla ya msimu alikopa nafaka kwa tajiri yule yule, na riba ikamla mpaka akauza punda, akauza nyumba. Wengine waliuza watoto wao.

Wajapani waliposhindwa mwaka 1945, wakulima wa pale walianza kuwaita wenye mashamba mbele ya mikutano, na kila aliyeonewa akasimama akaeleza machungu yake. Lazima niseme kweli yote, ndugu zangu: katika mikutano ile watu walipigwa, na wako waliopigwa mpaka wakafa. Hati za mashamba na za madeni zilichomwa moto. Oktoba 1947 chama cha Kikomunisti kikatoa sheria kwamba ardhi igawanywe kwa kichwa, mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto, sawasawa.

Sasa mtu huyu aliyepata, aliishije? Hesabu ya ardhi pale ilikuwa kama ekari moja kwa kila mtu. Si nyingi. Alipanda mahindi na nafaka ndogo ndogo, na mbolea yake kubwa ilikuwa kinyesi cha watu, kilichotunzwa kama mali. Nyumba ilikuwa ya udongo, na ndani yake kitanda cha matofali ambacho moshi wa jiko hupita chini yake kukitia joto, maana baridi ya kule ni kali. Wanawake walisokota pamba, wakafuma nguo. Wanyama wa kulima walikuwa wachache, kwa hiyo waligawana mnyama mmoja watu wanne, kila mmoja ana “mguu” wake. Lakini mguu mmoja wa punda haulimi! Ndiyo maana watu wakaungana kusaidiana, leo shamba la huyu, kesho la yule, na jioni wakaandika nani amefanya kazi ngapi. Hapo ndipo kujua kusoma kulipokuwa na maana, na wakati wa baridi, shamba likiwa limelala, watu wazima walikwenda darasani.

Jambo ninalotaka mlisikilize sana ni hili. Viongozi waliosimamia ugawaji walikuwa watoto wa maskini wa pale pale. Wengine walianza kujipendelea, wakachukua vitu vizuri kabla ya wenzao, wakapiga watu, wakakwepa kazi za zamu. Mwaka 1948 waliamriwa “kupita mlango.” Kila kiongozi alisimama mbele ya wajumbe waliochaguliwa na wanakijiji, akaeleza alichochukua, kisha akajibu mashtaka ya yeyote. Aliyekubaliwa alipita. Aliyeficha alirudishwa akafikiri tena. Mjane asiye na kitu aliweza kumwuliza mwenye bunduki: ile nguo uliichukua kwa ruhusa ya nani? Mwanzoni watu waliogopa kusema, kwa kuwa kiongozi alibaki jirani. Hata hivyo walisema. Ninyi mnaochagua makatibu na waweka hazina wenu mnajua kwamba swali la namna hiyo ni gumu kuliko kumpigia kelele tajiri.

Katika hesabu hizo likatokea jambo lingine. Wakulima wa kati, wenye punda wao na shamba lao na wasiomnyonya mtu, walikuwa wamenyang'anywa pamoja na matajiri. Ikabidi warudishiwe. Na maskini waliokuwa wakingoja zaidi wakaambiwa kwamba hakuna tena cha kugawa. Ekari haziongezeki kwa mkutano.

Nchi nzima ilifuata kwa sheria ya Juni 1950, na kazi ikaisha sehemu nyingi mwaka 1952. Wakulima milioni 300 hivi walipata ardhi. Waliouawa nchi nzima walikuwa laki nyingi, na wanahistoria wengi hukisia milioni moja au zaidi. Sheria ya ndoa ya Mei 1950 ilikataza mtoto wa kike kuozwa kwa nguvu, na wanawake wengi wakadai talaka. Wengine waliuawa na waume au wakwe kwa kudai.

Lakini ile ekari moja haikukaa mkononi. Mwishoni mwa mwaka 1953 serikali ikashika biashara ya nafaka, mkulima akauza kwake kwa bei yake. Mwaka 1956 mashamba yakaunganishwa kuwa ya ushirika, na mwaka 1958 yakawa makomyuni makubwa, watu wakala jiko moja. Mwaka huo huo ilitoka sheria ya kuandikisha watu, ikawa mtu wa shamba hawezi kuhamia mjini bila ruhusa. Waliosimuliwa habari za kipande na wazee wao wataelewa. Viongozi wa chini wakaogopa, wakapeleka juu hesabu za mavuno yasiyokuwepo, na nafaka ikachukuliwa kwa hesabu hizo. Kati ya 1959 na 1961 watu walikufa kwa njaa. Wanaokisia kidogo husema milioni 15, wengine zaidi ya milioni 40. Wakati huo hapakuwa na mlango wa kupita, na aliyesema ghala ni tupu aliitwa adui.

Mwaka 1978 wakulima wachache wa kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, waliandikiana kwa siri kwamba kila nyumba italima sehemu yake. Waliahidi pia kwamba kiongozi wao akifungwa, wengine watamlea mtoto wake. Mavuno yakaongezeka, na baada ya miaka michache nchi nzima ikafanya hivyo. Hata leo ardhi ya shamba ni mali ya kijiji. Mkulima ana mkataba wa kuilima, hana haki ya kuiuza.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika hapo. Mwenye swali aulize.