Springi Iliyobanwa Si ya Kuchezewa

(Mazungumzo kwa vikundi vya mafundi wa gereji na wenye magari, Kitui na Makueni)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wala mbegu za ndengu. Tutazungumza juu ya springi ya gari. Najua kuna mama atauliza, "Hiyo inahusu kikundi chetu namna gani?" Inatuhusu, mama. Maembe yetu yanafika sokoni kwa gari. Mgonjwa anapelekwa Wote au Kitui mjini kwa gari. Na vijana wetu wengi wakitoka shule wanajifunza kazi chini ya gari, kwenye jua kali. Barabara za mawe na makorongo zinaua shokomzoba, na kila shokomzoba ikifa kuna kijana atakayeambiwa aifungue. Je, ana kifaa gani mkononi?

NGUVU ILIYOJIFICHA

Magari mengi madogo tunayotumia, kama vile Probox, yana miguu ya mbele ambayo springi imevalishwa juu ya shokomzoba. Mtindo huu ulibuniwa na Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940. Hata Peugeot 504, ambayo wazee wetu waliisafiria sana, ilikuwa na miguu ya namna hii mbele.

Sasa sikilizeni vizuri. Springi hiyo imebanwa tayari, hata ukiutoa mguu wote kwenye gari. Kinachoizuia isiruke ni nati moja tu, ile ya katikati juu. Tufanye hesabu kidogo. Gari ya kilo 1,000 ina magurudumu 4, kwa hiyo kila springi inabeba kama kilo 250, na zile za mbele zaidi kwa sababu ya injini. Basi kuibana springi ni kushindana na uzito wa magunia 2 au 3 ya mahindi. Gunia likikuponyoka, linaanguka chini. Springi ikikuponyoka, inaruka kama jiwe la kombeo, na mara nyingi kilicho mbele yake ni uso wa fundi.

MAMBO YA KUACHA KABISA

Kuna mitindo inayoonekana katika gereji za kando ya barabara. Jameni, tuiache.

1. Kufunga springi kwa kamba au waya wa seng'enge. Waya ukikwaruzwa na chuma hukatika bila kupiga hodi.

2. Kulabu za nondo ya kujengea iliyokunjwa kwa nyundo. Nondo ilitengenezwa kulala ndani ya saruji. Kulabu yake hufunguka polepole, halafu ghafla inaachilia.

3. Kuchomelea kitu chochote kwenye springi. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma cha springi. Inaweza kukatika siku hiyo, au baadaye gari ikiwa imejaa watu.

4. Kufungua nati ya katikati kabla ya kubana springi. Juu ya mguu kuna nati ndogo, mara nyingi 3, zinazoshika mguu kwenye bodi. Hizo ndizo za kufungua ili mguu utoke. Ile ya katikati usiiguse. Mwanafunzi afundishwe tofauti hii siku ya kwanza.

KAZI INAVYOFANYWA

Kifaa cha dukani cha kubania springi ni bolti 2 ndefu zenye kulabu pande zote mbili. Kabla ya kukitumia, kikague. Nyuzi za bolti ziwe safi na zipakwe grisi. Kulabu yenye ufa au iliyopinda itupwe.

Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu, uinue na kuikalisha juu ya stendi za chuma. Usiiache juu ya jeki peke yake. Toa mguu wote nje.

Weka bolti hizo 2 zikitazamana, moja huku na nyingine ng'ambo, kulabu zishike mizunguko mingi ya springi kadiri iwezekanavyo. Kaza kwa spana ya mkono: upande huu kidogo, upande ule kidogo. Ukikaza upande mmoja tu, springi inapinda kama upinde na kulabu inateleza. Springi ikianza kucheza mkononi, simama hapo. Imetosha. Sasa ndipo nati ya katikati ifunguliwe.

Ncha za springi zielekee ukutani, zisielekee mtu. Usiiache imebanwa ukaenda kunywa chai. Wakati wa kurudisha, ncha ya springi ikae kwenye kituo chake, nati ya katikati ikazwe mpaka mwisho, kisha legeza bolti kwa zamu vilevile kama ulivyokaza.

JE, TUNAWEZA KUTENGENEZA KIFAA WENYEWE?

Kulabu za kujitengenezea, jibu ni hapana. Lakini fremu ya jeki inawezekana, ikijengwa na mtu anayejua chuma. Iwe na mabamba mazito, juu na chini, yaliyoshikwa na nguzo zenye nati. Uzito ubebwe na nati na mabamba, usiachiwe kiungo cha kuchomelea peke yake. Springi ikae kwenye vikombe ili isiteleze pembeni. Pawe na pini za kufunga kwenye nguzo, kwa sababu jeki ya mafuta huvuja na kushuka. Na mbele yake pawe na kizuizi cha chuma.

Msiikubali fremu hiyo kwa sababu inapendeza macho. Ipelekeni chuo cha ufundi kilicho karibu, mwalimu wa chuma aikague na kuijaribu. Vyuo hivi vina mizizi kanisani: vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzishwa nchini na Baraza la Makanisa, NCCK, kuanzia mwaka 1966. Kama hakuna wa kuikagua, msiitengeneze. Nunueni.

Mtu mmoja akiona bei ya kifaa kizuri ni kubwa, mwethya unaweza. Gereji 5 au 6 zichange, kifaa kiwe kimoja, kiwe na mtunzaji na daftari: nani amekichukua, lini, na kimerudi katika hali gani. Tumechimba mabwawa ya mchanga kwa mikono yetu. Hili ni dogo.

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba auzungushie dari ukingo, asije mtu akaanguka. Mwenye nyumba anawajibika kwa usalama wa mgeni wake, na mwenye gereji vivyo hivyo kwa mwanafunzi wake. Serikali nayo inasema hivyo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Mwenye gari naye asimharakishe fundi. Haraka haraka haina baraka, na jicho halina spea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika soko letu, gereji ngapi zina kifaa halali cha kubania springi?
2. Nani anawafundisha wanafunzi wetu kazi za hatari, naye alifundishwa na nani?
3. Tukichanga kila wiki, itatuchukua muda gani kununua kifaa kimoja? Nani atakitunza?
4. Kijana akiumia jicho saa hii, ni gari gani itampeleka hospitali, na nani atalipa?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu, na mikono yenyewe ailinde.