Tone la Damu la Ng'ombe Aliyezaa

Leo tuzungumze juu ya ng'ombe wa maziwa katika wiki mbili tatu za kwanza baada ya kuzaa, na juu ya chombo kidogo kinachopima damu yake pale pale bandani.

Nianze na kosa langu. Mama mmoja aliniita nimtazame ng'ombe wake, siku ya kumi tangu azae. Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita 14 hadi 8. Majani anakula, pumba anaziacha. Nikapima joto, halikupanda. Mitoki haikuvimba, basi siyo ndigana. Nikampa dawa ya minyoo nikaenda zangu. Yule mama aliniambia, "Mwanangu, huyu anajila mwenyewe." Sikumsikiliza.

Siku tano baadaye mbavu zilihesabika. Daktari wa mifugo alikuja na chombo kinachoenea kiganjani, akachoma chini ya mkia, akatia tone moja la damu kwenye kijiti. Haukupita muda, kikaonyesha 3.6. Ilikuwa ketosisi, na mama yule alikuwa amesema kweli. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi kuliko chakula anachopata huyeyusha mafuta ya mwili wake. Ini likizidiwa na mafuta hayo, hutoa ketoni nyingi zinazoingia katika damu. Wengine huzisikia harufu yake katika pumzi, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mimi pua yangu hainipi habari hiyo.

Sasa, kijiti kinajuaje? Ndani yake kimepakwa kimeng'enya kinachoshika ketoni na kuacha vitu vingine vya damu. Kikiishika, umeme mdogo sana hutoka na kupita katika njia nyembamba za kijiti. Ketoni zikiwa nyingi, umeme huongezeka. Chombo hupima umeme huo na kuugeuza kuwa namba. Ni ukoo mmoja na kile kipimo cha sukari cha wagonjwa wa kisukari. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na umeme lilitolewa mwaka 1962 na Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani.

Namba husomwa hivi: kuanzia milimoli 1.2 kwa lita, ng'ombe ana ketosisi hata kama kwa macho anaonekana mzima. Kufika 3, mara nyingi dalili huwa zimekwisha kuonekana.

Lakini angalieni. Vijiti vya ketoni na vya sukari vinafanana, usije ukachukua visivyo. Kopo lifungwe vizuri, lisikae juani wala kwenye unyevu, na tarehe isomwe. Damu isitolewe kwenye ule mshipa mkubwa wa maziwa tumboni, maana kiwele hutumia ketoni, na namba itakuwa ndogo kuliko ukweli. Kijiti kimoja ni kipimo kimoja. Bei yake si ndogo, kwa hiyo wafugaji wa kijiji kimoja wanaweza kushirikiana chombo, wakawapima ng'ombe wao kati ya siku ya 3 na ya 14 baada ya kuzaa.

Ng'ombe wa yule mama alinyweshwa propilini glaikoli, mililita 300 mara moja kwa siku, kwa siku tano, polepole ili isiingie mapafuni. Siku ya nne alirudia pumba. Maziwa yalifika lita 10 yakasimama hapo mpaka alipokauka, na maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakilipa ada ya shule.

Mwaka uliofuata tulimchunga asinenepe mno kabla ya kuzaa, na baada ya kuzaa tukamwongezea pumba na mashudu kidogo kidogo. Siku ya saba nilimpima mwenyewe, mama akishika mkia. Chombo kikasoma 0.7. Akaniuliza, "Umemsikia sasa?"