Sangara wa Musoma na daftari lisilofutika
Sangara akishapimwa mwaloni Musoma, hupita kwa wakala, gari la barafu, kisha kiwandani. Kila mmoja ana daftari lake.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu. Aliyevua kwa nyavu halali aliumia sawa na aliyevua kwa sumu, maana nani angewatenganisha?

Blokicheni, daftari la kidijitali linalotunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, huweza kuunganisha madaftari ya wakala, gari na kiwanda. Taarifa ikishaingia, kuibadili kimyakimya ni vigumu mno. Kampuni ya maduka ya Walmart ya Marekani ilipoijaribu kwa maembe, chanzo kilichochukua karibu siku saba kutafutwa kilipatikana kwa sekunde 2.2.

Lakini mtambo haumjui mwongo. Akiandika mwalo usio wake, uongo huo nao utatunzwa. Serikali ianze na mizani na waandishi waaminifu mialoni.