WATU SABA WA NDEGE MOJA
(Maneno yaliyosemwa siku ya kuwakumbuka marehemu wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya daftari la majina. Kwanza nitawapeleka Ulaya kidogo, mnivumilie.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 1943, ndege ya Uingereza aina ya Lancaster ilikuwa inarudi kutoka kupiga mabomu mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani. Ilipofika juu ya Uholanzi ikashambuliwa na ndege ya Wajerumani, ikawaka moto. Ndani walikuwemo watu saba. Mwongoza njia wao aliitwa Cy Grant, kijana mweusi wa Guyana, mwenye miaka 23. Wenzake walikuwa Wakanada na Waingereza. Watano waliruka kwa miavuli wakapona, wawili wakafa.

Ndege yenyewe iliangukia nyumba ya mkulima, mkewe akafa. Mama yule hakupigana na mtu. Nchi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1940, na ndege iliyomuua ni ya upande uliokuja kumkomboa. Hapo ndipo habari hii inaponiuma.

Grant alikaa kifungoni miaka miwili. Gazeti la Wajerumani lilitoa picha yake, na chini wakaandika kwamba ni askari wa anga wa asili isiyojulikana. Jina lake hawakulitaja! Kilichowasaidia mateka wale ni vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Nasi hapa tunajua uzito wa karatasi ya Msalaba Mwekundu yenye maneno machache ya nyumbani. Baada ya vita alisomea sheria, akanyimwa nafasi kwa ajili ya rangi yake, akawa mwimbaji na mwigizaji. Mwaka 2006 akaandika kitabu, na maneno yale ya gazeti akayafanya kuwa jina la kitabu.

Sasa, nani aliyewakumbuka watu hawa? Ni mtoto. Joost Klootwijk alikuwa na miaka 11 ndege ilipoanguka karibu na kwao. Alipokuwa mtu mzima alitafuta habari za wale saba, mmoja mmoja, watu wasio ndugu zake wala wa lugha yake. Mwanawe, Hans, akashirikiana na Grant kukusanya majina ya vijana wote wa Karibi waliorushwa vitani na jeshi la anga la Uingereza. Grant alifariki mwaka 2010, orodha imebaki.

Katika kikao chetu wengine wameuliza kama daftari ni la watu wa kabila letu tu, na kama jirani aliyeuawa na watu wa upande wetu aandikwe. Mimi nasema aandikwe, kama yule mke wa mkulima.

Daftari liko kwa katibu mpaka Jumamosi. Leteni jina kamili, kijiji, na siku kama mnaikumbuka. Asiyejua kuandika ataandikiwa.