Gari Likipunguza Mwendo Nje: Kuutuliza Mwili Uliozoea Hofu



Leo siongei kesi. Naongea na wewe ambaye saa nane usiku ukisikia gari likipunguza mwendo nje, moyo unaruka hata kabla hujafungua macho. Naongea na wewe mama ambaye mlango wako uligongwa kwa nguvu usiku mmoja tu, miaka imepita, na mpaka leo mtoto wa jirani akibisha hodi unamwaga chai. Na wewe kijana uliyetoka rumande, kesi ikaisha, lakini ukiingia hotelini huwezi kukaa ukaupa mlango mgongo.

Kuna watu watakwambia huo ni uoga. Wengine watakwambia imani yako imepungua. Mimi nasema yote mawili si kweli, na nikueleze kwa nini, manake mtu asiyejua kinachompata mwilini huanza kujilaumu, na lawama ile ni mzigo juu ya mzigo.

Ndani yako kuna mfumo wa mishipa ya fahamu usiongoja ruhusa yako. Huuambii moyo upige, wapiga wenyewe. Mfumo huu una pande mbili. Upande mmoja ni wa mbio na vita: ukihisi hatari, tezi zilizoketi juu ya figo zamwaga adrenalini, moyo waenda kasi, damu yapelekwa kwenye misuli, macho yapanuka, tumbo lasimamisha kazi. Upande wa pili ni wa kupoa, kusaga chakula na kulala.

Hilo la tumbo lilionekana kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Walter Cannon wa Harvard kule Marekani alikuwa akiwapiga paka eksirei ili aone chakula kinavyosagwa. Akagundua kwamba paka akishtuka, tumbo lake laacha kabisa kusaga. Akitulia, kazi yaanza tena. Mwaka 1915 akatoa kitabu kizima kuhusu yale ambayo hofu, njaa na hasira huufanyia mwili. Kwa hiyo mama mkwe akisema "tangu jana hujala", na wewe tonge halishuki, wala huringi. Tumbo lako limeambiwa kuna vita.

Na mfumo huo si adui. Ndio uliotuweka hai. Shida ni kwamba ukipigwa na jambo zito, kengele yaweza kubaki imewashwa hata baada ya jambo kupita. Mwili unakariri sauti za usiku ule: buti, mngurumo wa Land Cruiser, tochi dirishani. Sauti inayofanana ikija, hata kama ni ya mtu wa maziwa, mwili unajibu kabla akili haijauliza ni nani. Ndiyo sababu neno "tulia" halisaidii. Wewe umeshawahi kuambiwa tulia ukatulia? Neno laenda kwenye akili, na hofu iko kifuani.

Sasa basi, kifuani utaingia kwa mlango gani? Kwa pumzi. Katika hizi kazi za mwili zinazojiendesha zenyewe, kupumua ndiyo ile unayoweza kuishika mkononi ukaiendesha utakavyo. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi. Watoka chini ya ubongo, wapita shingoni, wafika kwenye moyo na tumbo. Huo ndio breki ya moyo. Ukivuta pumzi, breki yalegea kidogo na moyo wakimbia. Ukiitoa, breki yashika. Jaribu sasa hivi: weka vidole kwenye kifundo cha mkono, tafuta mapigo, kisha toa pumzi polepole sana. Wengi wenu mtasikia mapigo yakivutana.

Aliyetuonyesha vile breki hii inavyoshika anaitwa Otto Loewi, daktari wa mji wa Graz, Austria. Mwaka 1921 alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inapiga kwenye maji ya chumvi. Akausisimua mshipa wa vagasi wa moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachukua yale maji yaliyouzunguka akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, bila kuguswa! Yaani mshipa ule hutoa dawa yake yenyewe ya kuupoza moyo. Mwaka 1936 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Namtaja kwa sababu ya pili pia. Loewi alikuwa Myahudi. Machi 1938, usiku ule Manazi walipoishika Austria, walimwingilia chumbani akiwa amelala, wakampeleka jela, na wanawe wawili pia. Mzee wa miaka 64. Aliamini watamuua. Kule ndani akamwomba mlinzi kalamu na postikadi, akaandika matokeo ya utafiti wake wa mwisho yapelekwe kwenye jarida la sayansi, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba ilipoondoka kadi ile alipata nafuu. Walimwachilia baadaye, baada ya kumlazimisha kukabidhi pesa za tuzo yake, akafia New York mwaka 1961. Sasa huyu ndiye aliyeujua moyo kuliko sisi sote hapa, na mlango wake ulipovamiwa aliogopa vilevile. Kwa hivyo usijidharau.

Turudi kwenye pumzi. Keti, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa kwa mdomo ukihesabu mpaka sita au saba, kama unayepuliza uji usimwagike. Usijaze kifua sana, na kama kuna kizunguzungu, acha kuhesabu upumue kawaida. Dakika tano zatosha. La maana ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wanaosoma Qur'ani kwa tajwidi washalijua hili bila kufundishwa na daktari: aya ndefu kwa pumzi moja, taratibu, na madi ipewe haki yake. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2001 katika jarida la BMJ uliokuta kwamba watu wakisoma rozari kwa Kilatini hupumua kama mara sita kwa dakika, na mwendo huo watuliza moyo. Sala za watu mbalimbali, kifua ni kimoja.

Pumzi ikigoma, tumia macho. Washa taa, taja kwa sauti vitu unavyoviona: feni, kanga, ndoo, kalenda ya ukutani. Yaonekana kama mchezo wa watoto, lakini unauonyesha mwili kwamba huu ni usiku wa leo, si ule. Maji baridi usoni nayo hupunguza mwendo wa moyo, ila mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza. Na muguka, wacha niseme tu, ndugu yangu, wautafuna ili utulie, kumbe unakanyaga mafuta upande ule ule wa mbio.

Watoto wao hawahesabu pumzi. Wanasoma kifua chako. Mtoto akiamka akilia usiku, usianze na maswali. Mpakate, mgongo wake kwenye kifua chako, wewe ndiye upumue taratibu. Atakufuata.

Kuna mmoja ataniuliza: je, hii si njia ya kutunyamazisha, tupumue huku watu wetu wanachukuliwa? Swali zuri, wallahi. Utulivu wa ndani hauondoi hatari ya nje, na mimi sikuambii uishi kama kwamba hakuna kitu. Kifungu cha 29 cha Katiba chakupa haki ya usalama wa mwili wako, na Kifungu cha 49 chataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini fikiria: siku ya siku, nani atakumbuka namba ya gari, saa, na nguo za waliokuja? Aliyeweza kutoa pumzi mara tatu kabla ya kufungua mdomo.

Na ikiwa zaidi ya mwezi umepita na bado hulali, ndoto ni zile zile, waikwepa barabara fulani, au wafikiria kujidhuru, hapo pumzi pekee haitoshi. Nenda hospitali ya kaunti uombe kitengo cha afya ya akili. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199. Ukiona haya kwenda peke yako, enda na dada au shangazi. Mwambie daktari ilianza lini na walala saa ngapi, aanzie hapo.