Barua ya Bibi Wangari

Leo somo letu ni barua. Twende kwanza Nairobi, kisha turudi nyumbani.

Mjini Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, iko bustani iitwayo Uhuru. Watu wasio na hata kiwanja walikwenda kupumzika hapo na watoto wao. Mwaka 1989 wakubwa wa chama kilichotawala Kenya walitaka kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60.

Bibi Wangari Maathai, aliyewahi kufundisha katika Chuo hicho, hakushika jiwe. Alishika kalamu. Aliiandikia ofisi ya Rais, akawaandikia wakuu wa mji, hata balozi wa Uingereza, kwamba bustani ni mali ya wote. Wabunge walimcheka. Chama chake cha kupanda miti kilifukuzwa ofisini. Hakuacha kuandika. Mwishowe wenye fedha wa nchi za nje walijitoa, na jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika.

Sasa wewe umejua kuandika. Ikiwa njia ya kisima imezibwa, usitukane, usipigane. Andika: ni jambo gani? Limetokea wapi, na lini? Nani wanaumia? Mnaomba nini? Tia sahihi, wenzako nao watie zao. Weka nakala.

Zoezi: Mwandikie Mtendaji wa Kijiji barua ya mistari sita. Msomee jirani yako kwanza. Kwaherini.